Magineto kwa Mkamwana

Jumatatu, 4 Juni 1956. Mbeya.

Baridi kali. Ukungu hadi saa tatu. Bwana Injinia alitukusanya mbele ya karakana akiwa na karatasi mkononi. Karatasi ya Bwana Injinia haijapata kuniletea heri. Leo imeniletea nusu.

Fundi mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi yake ataishika mmoja kati ya mafundi wawili wa mitambo ya Baraza la Jimbo: mimi, Lutengano, mwenye miaka kumi na tisa katika karakana hii, au Yohane Kalinga wa Iringa, mwenye miezi saba. Tutapimwa Jumamosi ya tarehe 16. Kila mmoja atawasha tingatinga alfajiri, mtambo ukiwa baridi, mbele ya watu wote. Atakayeshinda atabaki Mbeya na kupewa nyumba ya matofali yenye bomba la maji. Atakayeshindwa atahamishiwa kambi ya barabara ya Igowole.

Igowole! Naambiwa ukungu wa huko hauondoki hata wakati wa kula.

Mke wangu Ikupa ameuliza mara moja tu kama ni kweli nyumba hiyo ina bomba. Nikasema ni kweli. Hajauliza tena, lakini jioni nimemkuta anapima kitambaa cha pazia.

Jumanne, 5 Juni.

Nimemchunguza Kalinga siku nzima. Ana miaka ishirini na minane na cheti chenye mhuri. Asubuhi hunisalimu, “Kamwene, baba,” na kuinamisha kichwa. Wengine wanadhani ni adabu. Mimi nimeishi siku nyingi. Najua mtu anayeinamisha kichwa anatazama viatu vyako.

Leo ameosha chujio zote za greda bila kuagizwa. Wafanyakazi wamemsifu. Nimewaambia kwamba chujio ikioshwa sana huchoka. Wakaendelea kumsifu.

Kwa haki tupu Kalinga anaweza kunishinda. Kwa hiyo haki tupu haitoshi.

Alhamisi, 7 Juni.

Nimepata shauri! Nimelipata nikiwa napaka grisi.

Injini ya tingatinga ni ya dizeli, tena kubwa. Mkono wa mtu hauwezi kuizungusha. Kwanza huwashwa injini ndogo ya petroli iliyo ubavuni, nayo ndiyo inayozungusha ile kubwa. Na injini ndogo haiwaki bila magineto, kidude cheusi kiasi cha ngumi mbili kinachotoa cheche. Mtambo umesimama bila kazi mpaka siku ya kupimwa. Nitaiondoa magineto. Siku hiyo Kalinga atavuta kamba mpaka mabega yateguke. Kisha nitasogea polepole, nitafungua kifuniko, nitatikisa kichwa, nitatoa “magineto ya akiba” niliyoitunza kwa busara ya miaka kumi na tisa. Makofi. Bomba la maji.

Ijumaa, 8 Juni.

Nimeiondoa saa ya chakula. Dakika sita. Mkono wangu bado mwepesi.

Shida ni mahali pa kuificha. Mtunza stoo wetu, Jailos, hupekua mifuko yote langoni, na kitu kikipotea huanza kupekua nyumbani kwangu. Sijui kwa nini.

Nimelitatua hilo pia. Ikupa huniletea ugali wa mchana katika kapu, na Jailos hampekui kwa kuwa humgawia ndizi. Magineto imetoka chini ya sufuria. Kesho Ikupa ataipeleka Mbalizi, nyumbani kwa mwanangu Anyitike, akamkabidhi mke wake, Tusajigwe.

Hapa ndipo akili ilipo. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwana, na baba mkwe hawaonani. Nikipita njiani, Tusajigwe hujitupa porini. Siingii nyumbani mwake, siketi uani kwake, simtaji kwa jina mbele ya watu. Tangu aolewe, miaka sita sasa, sijauona uso wake. Namtambua kwa visigino. Basi, katika nchi nzima, nyumba moja tu haiwezekani Lutengano awe ameingia. Atakayenishuku atashuku nyumba nyingine zote kabla ya hiyo.

Ikupa aliuliza kidude hiki ni nini. Nikamwambia ni siri ya Serikali. Akasema, “Baba Anyitike, Serikali ina ofisi. Kwa nini siri yake inakaa chini ya ugali?” Wanawake hawajafundishwa mambo ya ufundi.

Jumamosi, 9 Juni.

Ikupa amekwenda soko la Mbalizi na kurudi. Amesema mzigo umepokelewa. Mkamwana ameuweka jikoni, juu ya kifuniko cha chungu cha maharage ili mvuke usitoke. Vizuri sana. Kazi ya heshima kwa chombo cha heshima.

Jumapili, 10 Juni.

Kanisani. Mchungaji amehubiri habari za Akani, aliyeficha vitu vya wizi chini ya hema lake. Mahubiri mazuri, yenye nguvu. Kalinga ni Mlutheri, lakini hapa husali nasi. Nilimkazia macho tangu mwanzo hadi mwisho ili yamwingie.

Baada ya ibada nilimwona akiondoka kwa baiskeli kuelekea magharibi, na kisanduku cha vifaa nyuma. Jumapili! Vijana wa siku hizi hawana Sabato.

Jumanne, 12 Juni.

Balaa. Kilima kimeporomoka barabarani karibu na Chimala na malori ya mpunga yamekwama. Bwana Injinia anataka tingatinga iondoke Ijumaa. Kwa hiyo tutapimwa Alhamisi, yaani kesho kutwa.

Ikupa yuko Tukuyu tangu jana; dada yake amejifungua mapacha, hatarudi kabla ya Jumamosi. Anyitike ni dereva wa lori la Baraza na yuko safarini Iringa. Nyumbani Mbalizi yupo mkamwana peke yake. Nani atakwenda kuchukua magineto?

Nimekaa kitako juu ya tairi kuukuu na kufikiri. Nyumba ambayo siwezi kushukiwa kuingia ni nyumba ambayo siwezi kuingia. Jambo hili lilikuwa wazi tangu mwanzo. Nalaumu haraka ya Bwana Injinia.

Jumatano, 13 Juni.

Nimeomba ruhusa ya jino. Nimekwenda Mbalizi kwa baiskeli huku nimefunga shavu kitambaa, kwa kuwa uongo usiovaa vizuri hupigwa baridi.

Nilisimama nyuma ya migomba, mbali na ua. Nikakohoa mara tatu, kama ilivyo desturi. Nikasikia kinu kinaachwa na miguu inakimbia. Visigino vyake, bila shaka. Mlango wa jiko ukafungwa.

Sina ruhusa ya kusema naye. Lakini palikuwa na jogoo kati ya migomba na jiko, na jogoo si mkwe wa mtu. Nikamwambia jogoo, kwa sauti ya kutosha, kwamba yuko mzee mmoja aliyeacha kidude cheusi juu ya chungu, naye anakihitaji leo hii, na kwamba angeshukuru kikirushwa nje dirishani.

Kisha sauti kutoka jikoni, ikimjibu jogoo huyo huyo, “Wewe jogoo, mwambie baba atusamehe. Kidude hakipo. Jumapili alikuja fundi wa Iringa, rafiki wa baba watoto, kutengeneza cherehani yangu. Akakiona. Akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza nani amekileta, nami sikuficha. Akasema kinatakiwa kazini, atakirudisha mwenyewe, baba asisumbuke na baiskeli.”

Jogoo akawika. Nikaona ananicheka, nikamtupia kibonge cha udongo. Kikapiga mlango wa jiko. Ndani nikasikia kilio kidogo cha hofu. Kutupia kitu mlango wa mkamwana! Nikampigia jogoo magoti, nikamwomba radhi, nikaondoka.

Njiani karibu na mto akili ikanirudia. Mwenye magineto sasa ni nani? Kalinga. Mwenye mali ya Baraza mikononi tangu Jumapili ni nani? Kalinga. Basi mwizi ni yeye! Kesho, mbele ya watu wote, nitamtaja. Bwana Injinia akiniuliza nimejuaje, nitafikiri jibu wakati huo.

Alhamisi, 14 Juni.

Umande umeganda juu ya nyasi. Watu arobaini wamesimama, mikono kwapani. Bwana Injinia na saa yake. Jailos na tabasamu lake.

Nilitazamia Kalinga atangulie kwa kuwa ni mdogo. Lakini aliinamisha kichwa na kusema, “Baba atangulie. Yeye ndiye mkubwa wetu.” Watu wakanong’onezana wakimsifu. Nimekwisha andika juu ya mtu anayeinamisha kichwa.

Nilipanda juu ya mtambo. Sikufungua kifuniko. Mtu hatafuti kitu mahali alipokiondoa mwenyewe. Nikageuka, nikainua mkono, nikatangaza kwamba mtambo huu hauna magineto, kwamba imeibwa, na kwamba mwizi ni yule pale, Yohane Kalinga!

Bwana Injinia alipanda, akafungua kifuniko kwa vidole viwili. Magineto ilikuwamo. Imesafishwa. Inang’aa kama kiatu cha harusi. Kalinga alikuwa ameifunga tangu Jumatatu.

Jailos akaguna, “Hee! Mzee ameota mwizi.” Wakacheka wote.

Kisha Bwana Injinia akamwuliza Kalinga kwa nini mzee anadhani yeye ndiye aliyeichukua. Nikahisi baridi ya namna nyingine. Kalinga alinitazama kidogo. Akasema, “Bwana, ni kweli niliishika mimi. Ilihitaji kusafishwa. Nilichelewa kumwarifu baba kwamba nimeirudisha. Kosa ni langu.”

Bwana Injinia akaandika. Akaniamuru niwashe. Nikazungusha kamba, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Mara ya saba Kalinga akasogea, akaninong’oneza, “Baba, koki ya petroli.” Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba naijua koki ya petroli tangu yeye anabebwa mgongoni. Watu wote wakasikia. Nikafungua koki. Ikawaka.

Mtambo ukaachwa upoe mpaka saa nane. Zamu ya Kalinga ilipofika alivuta mara moja. Injini ndogo ikaimba, ile kubwa ikakohoa moshi mweusi, ardhi ikatetemeka. Watu wakapiga makofi. Makofi yangu.

Jioni alikuja kwangu. Nikamkaribisha kiti, nikakaa mbali naye. Nikamwambia asidhani nitamshukuru. Akasema hakuja kushukuriwa. Akasema Jailos aliona Jumatatu asubuhi kwamba magineto haipo, akataka kupekua nyumba za wafanyakazi wote, na za watoto wao, mpaka yeye alipomwambia kwamba alikuwa akiisafisha. “Ningekutaja leo, baba, swali ambalo lingefuata ni magineto ilikuwa wapi. Nao wangemwandika Tusajigwe kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Yeye alipewa na mama mkwe wake, akapokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Uongo ule sikuusema kwa ajili yako.”

Alisema maneno hayo taratibu, bila hasira. Akanywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda.

Miaka sita yule binti amenikimbia porini kwa heshima, kwenye miiba na matope, nami nikampelekea jela chini ya ugali. Hilo liliniuma. Liliniuma mpaka wakati wa kula.

Jumamosi, 16 Juni.

Karatasi. Kalinga ndiye fundi mkuu. Mimi, Igowole.

Ikupa amerudi kutoka Tukuyu na habari za mapacha, nikampa habari zangu. Hakunigombeza. Alikunja kile kitambaa cha pazia mara nne, akakitia katika furushi la kupelekwa Mbalizi. Akasema, “Tusajigwe ana madirisha mawili.” Kisha akaenda kisimani na ndoo. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Ni mbali, kisima kile. Sikuwa nimewahi kukitazama.

Jumatatu, 25 Juni. Igowole.

Tumefika juzi. Ukungu ni kama walivyosema. Ikupa amenyamaza tangu Makambako, lakini amepanda maharage.

Nimetumia safari kutafakari kosa langu kwa unyofu, kama impasavyo mtu mzima. Nimeliona. Kosa langu lilikuwa kuchagua kitu kidogo. Kitu kidogo hubebeka, na kinachobebeka hubebwa na kila mpitaji mwenye kisanduku cha vifaa. Ningechagua kitu kikubwa, leo ningekuwa nakunywa maji ya bomba.

Kambi hii ina greda moja na fundi mmoja, Silvester. Mtu wa makamo, mpole. Amenipokea vizuri, amenipa kuni. Wafanyakazi humpenda, nami nimeanza kujiuliza kwa nini. Ijumaa wakubwa wa Baraza watakuja kuitazama barabara, naye ndiye atakayeendesha greda mbele yao.

Kiti cha greda kimeshikwa na nati nne. Leo saa ya chakula nimelegeza mbili.