Kichwa cha Sindano na Fidla ya Marehemu Vukota

Jumatatu, 15 Desemba

Balaa! Desanka anahamia mji wa Niš kwa binti yake, na santuri za marehemu mumewe haziendi. Binti kasema nyumba yake si ghala. Habari hizi Zorica, mke wangu, kazileta kutoka sokoni pamoja na vitunguu, kama jambo la kawaida tu!

Rafu tatu nzima! Vukota, mpiga fidla, msimamizi wangu wa arusi, alizikusanya maisha yake yote na hakuniazima hata moja. Desanka atampa zote yule ambaye kwenye gramafoni yake fidla ya Vukota itaimba kama mtu. Ijumaa anakuja kwetu, ni slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, Mtakatifu Nikola. Jumamosi anapanda ghorofa ya juu, kwa Gvozden.

Gvozden! Daktari wa meno! Mtu anayeshinda akisikiliza keekee mchana kutwa! Eti naye ana masikio.

Gramafoni yangu inakwaruza. Zorica anasema ni kama mtu anakaanga viazi chumba cha pili. Tatizo ni kichwa cha sindano, kile kidude kinachoibeba, kidogo kuliko jino. Lazima nipate kingine.

Jumanne, 16 Desemba

Dukani kwa Miona, muuza vifaa vya gramafoni, karibu na mto. Kanisikilizisha vichwa viwili. Cha kwanza kitamu, laini, fidla inakuja imevaa koti. Cha pili, Mungu wangu! Hakifichi kitu. Nikasikia kiti kikilia nyuma ya ngoma. Nikasikia mtu akifunua karatasi za muziki!

Miona kaniambia wazi kuwa cha kwanza ndicho chenye muziki, na cha pili ni cha watu wanaopenda kuchunguza. Akasema, "Baba, hicho kina umbeya. Chukua hiki, utasikiliza mpaka uzeeni." Nilikuwa nimekwisha kukubali. Ndipo akaongeza kwamba hata daktari Gvozden alichukua hichohicho kitamu, jana asubuhi.

Jana! Mimi bado namenya vitunguu! Nikachukua cha pili papo hapo. Nimelipa kwa pesa aliyonipa Zorica ya samaki wa slava. Tumo kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, nyama hakuna, samaki ndiye sikukuu yenyewe. Nitafikiria cha kusema.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimekifunga kwa kibano cha nyusi cha Zorica. Nyaya nne, nyembamba kama unywele. Nilijichoma kidole mara kadhaa na kumtukana Gvozden kila mara. Kisha nikaweka santuri ya zamani. Nilimsikia mwimbaji akimeza mate! Niliruka kitini!

Santuri ya Vukota mwenyewe sina. Alirekodi moja tu, mkahawani, usiku mmoja wa ujana wetu, mimi na Zorica tukiwa meza ya mbele. Desanka ataileta kwa mkono wake.

Zorica kauliza samaki yuko wapi. Nikasema bado anaogelea. Akauliza anaogelea wapi. Akakitazama kichwa cha sindano, akanitazama mimi, akakaa juu ya mfuko wa unga. Alisema neno moja tu, "Maharage?" Sijawahi kumsikia akiuliza kwa sauti ndogo vile. Nilitishika.

Ijumaa, 19 Desemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Mpango wangu ulikuwa Desanka asikilize bila Gvozden kupiga domo. Sikumwalika. Mpumbavu mimi! Nani huwa anaalikwa kwenye slava? Mlango uko wazi, anayekuja anakuja, na kumrudisha mtu ni aibu ya ukoo. Padri alikuwa hajamaliza kukata mkate wa slava pamoja nami, Gvozden kashafika na chupa! Akala maharage sahani mbili, kisha akauliza kwa upole, mbele ya watu wote, "Jirani, mwaka huu mto umekauka?"

Desanka akaja na santuri kifuani. Sebule ikajaa. Mwenye slava hakai, kwa hiyo nilisimama kando ya gramafoni, kila mtu ananiona. Nikashusha sindano.

Jamani! Vukota aliingia chumbani! Ule upinde, zile nyuzi! Desanka alishika shavu, machozi yakamtoka. Hata Gvozden aliacha kutafuna. Nikaanza kupanga rafu zitakaa wapi.

Kisha fidla ikapumua kidogo kati ya nyimbo. Chini chini, lakini safi kama maji, sauti ya kijana ikasema, "Huyu Vukota anapiga fidla au anachinja paka? Mimi nimefuata supu tu."

Na sauti ya msichana, "Nyamaza, Rade, atakusikia!"

Rade ni mimi. Msichana ni Zorica. Miaka yote hii hakuna sindano iliyotusikia! Watu wote wakageuka. Nikasema Rade ni jina la watu wengi. Kwenye santuri Rade akacheka. Kile kicheko changu cha bata. Basi.

Desanka kaniomba nirudie. Nikarudia. Akainama mpaka sikio likakaribia spika. Akasema, "Shemeji, hapo kabla hujaropoka. Anavuta pumzi. Unamsikia? Alikuwa anavuta pumzi hivyo kila anapoanza." Alilia sana, na mimi nililia, sijui kwa nini, nadhani kwa Vukota.

Kisha akaomba kile kichwa cha sindano. Binti ana gramafoni, santuri hii moja ataichukua, anataka zile pumzi. Ameniomba siku ya slava yangu, nimesimama, mlango wazi, padri anatazama! Nilikifungua kwa kibano.

Jumamosi, 20 Desemba

Santuri zote zimepanda juu. Zote! Desanka kasema kwa Gvozden fidla ni tamu na hakuna anayeropoka ndani yake. Nimezihesabu zikipita ngazini hadi Zorica akanivuta ndani.

Hata hivyo nimelala chali nikifikiri, na nimeona kosa liko wapi. Si langu. Ni la yule aliyeweka kinasa sauti karibu na meza yangu. Na tena! Usiku ule Gvozden alikuwa mkahawani, meza ya pili! Lazima naye alisema kitu, tena kibaya zaidi, ninavyomjua. Kimebaki humo santurini, chini kidogo ya changu. Kinatakiwa kichwa chenye sindano kali zaidi tu, na basi la kwenda Niš, Desanka amsikie kwa masikio yake mwenyewe.

Nimempigia Miona. Anacho.

Zorica amefunga pesa ya nguruwe wa Krismasi ndani ya soksi. Najua ni soksi gani.