Damu ya Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa homoni amenikabidhi bibi wa kitanda cha nne. Nimweleze kipimo, aridhie, nitoe damu. Nikiharibu, narudia mwaka! Mwanafunzi mwenzangu, tunayemwita Kasuku kwa kukariri, amepewa kitanda cha tano. Amemweleza mgonjwa wake dakika ishirini nzima. Kipimo cha nini, sindano inauma vipi, na eti ana haki ya kukataa. Nani humfundisha mtu kukataa?

Jumanne, 4 Machi
Fomu inasema damu ya kortisoli itolewe 8:00. Saa nane. Mbona mchana, na homoni yenyewe hupanda asubuhi, ikashuka mchana? Sikuuliza. Kuuliza ni kujianika. Nikala, nikashiba, nikaenda. Bibi akaanza kusema kuhusu saa. Nikamkatiza: shikamoo bibi, dole gumba hapa. Akashusha pumzi, akasema "haya". Ridhaa hiyo! Sekunde tisa tu. Kasuku alimaliza tangu asubuhi, kiherehere chake.

Jumatano, 5 Machi
Majibu! Kortisoli ya bibi iko chini mno. Nimegundua ugonjwa! Nikakimbia kumwambia kwamba tezi zake zimechoka. Akalia. Akaomba binti yake aitwe waagane. Niliumia moyoni, kweli. Lakini ugunduzi ni ugunduzi.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari akauliza damu ilitolewa saa ngapi. Nikajibu kifua mbele: saa nane mchana, kama fomu ilivyosema. Daktari akanisomea fomu upya. Kumbe 8:00 ni saa mbili asubuhi! Bibi akasema hata yeye alijua, ndicho alichotaka kuniambia juzi. Daktari akamuuliza, si aliridhia? Akajibu kwamba ile "haya" yake ilikuwa ya kunifukuza. Binti yake alinitazama mpaka nikasahau jina langu.

Ijumaa, 7 Machi
Kasuku amerudia kipimo, saa mbili asubuhi. Bibi mzima kabisa! Kaniambia pole, mjukuu wangu. Nimeona aibu mpaka masikioni. Daktari kanipa nafasi ya mwisho: kliniki ya Jumatatu, nimweleze kila mgonjwa, mmoja mmoja. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 10 Machi
Mmoja mmoja? Foleni ina watu arobaini! Nimepanda juu ya benchi, nikatangaza kwamba asiyeridhia kutolewa damu anyooshe mkono. Kimya. Ridhaa arobaini kwa pumzi moja! Kasuku bado yuko na mgonjwa wa pili. Muuguzi anadai foleni hii ni ya watu waliokuja kuwaona jamaa zao waliolazwa. Wivu tu. Wa kwanza nimeshamfunga mpira wa kutolea damu mkononi.