Kabari ya Gita Langu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeaibika tena! Mazoezini, mbele ya bendi nzima ya idara ya maji. Uzi mmoja wa gita ulikatika, na tano zilizobaki zikapoteza sauti papo hapo. Kosa si langu. Kosa ni la daraja. Hili gita langu la umeme lina daraja linalocheza. Yaani kile kipande cha chuma kinachoshika mikia ya nyuzi hakikufungwa popote, kinaning'inia tu, mbele kinavutwa na nyuzi, mgongoni kinavutwa na springi tatu. Eti ukibonyeza mkono wake wa chuma, sauti iyumbe na kulia. Upuuzi mtupu! Ukikaza uzi mmoja, nyingine zinalegea. Kama kikao cha ukoo: ukimridhisha shangazi, ami kanuna.

Kiongozi wa bendi ametoa kauli. Jumamosi tunamuaga mkurugenzi anayestaafu, na familia zetu zimealikwa. Gita langu likipoteza sauti Ijumaa kwenye mazoezi ya mwisho, solo anapewa Kidole, mimi napewa kayamba. Kayamba! Miaka kumi na moja napiga solo katika idara hii! Kidole ni msoma mita. Gita lake lina daraja lililofungwa, hata ulipige teke halitikisiki. Alinipa pole huku meno yote yako nje.

Nyumbani nako mama mkwe yupo, amekuja kututembelea. Anaondoka Jumapili. Simaanishi neno baya, ila najua ni Jumapili.

Jumanne, 4 Juni

Fundi redio amenipa dawa. Kwamba nifungue mgongo wa gita, nitie kabari mbili za mti mgumu, moja mbele ya chuma cha daraja na moja nyuma yake. Daraja haliendi mbele wala nyuma. Limefungwa, kwisha! Aliniuliza kama siuhitaji tena ule mkono wa kuliza sauti. Nikamwambia sijawahi kuuhitaji. Nitauacha uning'inie kwa urembo.

Nilianza na ubao wa kreti la nyanya. Springi ziliusaga kama biskuti. Nikakagua nyumba nzima. Meza yetu ni ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Kitanda ni cha chuma. Niliugusa mwiko, mke wangu akaniuliza taratibu ninautakia nini. Nikaurudisha mahali pake.

Ndipo nikasikia du, du, du ukumbini. Fimbo ya mama mkwe! Nyeusi, nzito, mti mgumu kuliko moyo wa kiongozi wetu. Aliichonga marehemu baba mkwe kwa mkono wake, akaichoma vitone saba kwa msumari wa moto, kuanzia kwenye mpini, vikizidi kukaribiana hadi chini kabisa. Mama mkwe haiachi. Huilaza mvunguni anapopumzika mchana.

Nawaza tu. Kuwaza si dhambi.

Jumatano, 5 Juni

Kazini niliaga kwamba naenda kukagua bomba linalovuja. Nikaja moja kwa moja nyumbani. Mama mkwe alikuwa anakoroma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka magoti yakalia.

Nikavua kile kiatu cha mpira mwishoni mwa fimbo, nikakata kipande chenye upana wa kidole kimoja, nikakivisha kiatu tena. Nani ataona? Kidole kimoja! Bibi mwenyewe mrefu.

Kabari imeingia barabara. Ila sasa daraja haliendi mbele, linakwenda nyuma tu. Jamani! Nimesahau kwamba fundi alisema mbili.

Mke wangu aliona unga wa mbao sakafuni. Nikasema ni mchwa. Ameenda dukani kununua dawa ya mchwa, amenyunyiza nyumba nzima, tumekula chakula cha jioni tukiwa uani na macho yanawasha. Mama mkwe alikaa akiipapasa fimbo yake kwa kidole gumba, toka juu hadi chini, kisha tena toka juu hadi chini. Nadhani anamkumbuka mzee.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi mama mkwe aliniita mwanangu, akaniuliza kama shuleni nilikuwa mzuri wa hesabu. Nikamwambia nilikuwa wa pili darasani. Akasema vizuri sana, maana hesabu ni kitu kizuri. Wazee bwana! Anaongea tu.

Kisha akasema mgongo unamuuma. Kwamba tangu jana anajiona anainama, kama ardhi imepanda. Kwamba hajui kama Jumapili ataweza kusafiri. Kusikia hivyo nusura chai initoke puani! Ikabidi nimbebee beseni la maji moto, nimshike mkono kwenda uani, nimshike mkono kurudi. Mara mbili akakumbuka kitu alichokisahau uani.

Mchana nikarudi tena kukagua lile bomba. Safari hii fimbo haikuwa mvunguni. Ilikuwa juu ya meza ya ukumbini, na msumeno wangu umelazwa pembeni yake. Bahati ya mtende! Sikuuliza. Ukipewa usiulize. Nikakata kidole kingine, nikaigonga kabari ya pili kwa nyundo hadi ikaingia. Imechomoza kidogo, kwa hiyo mfuniko wa mgongoni haufungi. Potelea mbali, nani hutazama mgongo wa gita?

Daraja limefungwa! Nimekaza uzi wa kwanza, wa pili haukujua lolote. Nilikaribia kulia.

Mama mkwe sasa anatembea kama anatafuta sindano. Roho iliniuma kidogo. Nilimpa mto wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Nyimbo tisa mfululizo na hakuna uzi uliopoteza sauti. Nilikata uzi mmoja kwa makusudi, tano zikasimama imara. Kiongozi alinipa mkono mbele ya wote, akasema solo ni yangu. Wimbo wa kumi, anaoupenda mkurugenzi, hatukuufanyia mazoezi kwa kuwa kila mtu anaujua tangu zamani.

Kidole alinifuata pembeni. Akaniuliza kama nina hakika na nyimbo zote. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akasema haya, kaka, akashika kayamba na kulitikisa kidogo, kama anayenipimia.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe aliketi safu ya mbele kando ya mke wangu, fimbo magotini. Tisa za kwanza nilipiga hadi karani wa stoo akapanda juu ya kiti. Kisha mkurugenzi akasimama, akashika maikrofoni, akasema miaka thelathini ametumikia maji, na kabla hajatoka anaomba wimbo wake. Ule ambao katikati gita linalia.

Gita linalia! Kwa mkono! Miaka kumi na moja naliliza mimi mwenyewe, na wiki nzima sikulikumbuka hilo hata mara moja!

Ikafika katikati. Bendi ikanyamaza, kama ilivyo ada. Watu mia mbili wakasubiri kilio. Nikabonyeza mkono. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho tayari, leso mkononi. Nikaunyonga kwa mikono miwili na goti.

Paa! Kabari ya nyuma ilichomoka, ikanigonga tumboni, ikaruka. Nyuzi zote sita zikalegea kwa pamoja kwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Mkurugenzi akafumbua macho. Na kabari ikabingirika, ikabingirika, haikuwa na haraka yoyote, hadi safu ya mbele, ikasimama kwenye kiatu cha mama mkwe.

Akaiokota. Akaigeuza. Kitone kimoja cheusi katikati yake. Akavua kile kiatu cha mpira, akaiweka mwishoni mwa fimbo. Ikakaa mahali pake.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimwambia mke wangu kwa sauti ya kawaida, na ukumbi mzima ukasikia kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapumua, kwamba Jumatano jioni alihesabu vitone sita, na Alhamisi alasiri vitano. Kwamba mgongo wake haujawahi kuuma. Msumeno aliuweka mezani yeye mwenyewe. Alitaka tu kuona mtu mzima anaweza kufika wapi. Kisha akasema marehemu alichoma kitone kimoja kila mtoto alipozaliwa, na kile cha mwisho kabisa ni cha mke wangu.

Mke wangu alinitazama. Niliangalia chini, kwenye nyuzi. Siku za mwizi ni arobaini, mimi hata nne sikufikisha.

Kidole alishika gita lake, akauchukua wimbo pale pale ulipokatikia. Aliufanya uzi ulie kwa kidole chake, ndiyo maana anaitwa hivyo. Mkurugenzi alilia vizuri sana.

Jumatatu, 10 Juni

Kiongozi amenikabidhi kayamba rasmi, mbele ya dirisha la malalamiko ya wateja, foleni ikitazama. Mke wangu anaongea nami kwa kupitia mama yake. Mama mkwe hakuondoka Jumapili. Anasema atakaa hadi mgongo upone.

Niliomba msamaha. Kwa dhati, nikapiga na magoti. Nilimwambia sitagusa tena kitu cha mtu, akasema haya mwanangu, tumeyamaliza. Vipande viwili vyenye vitone amevifunga kwenye leso, analala navyo. Hilo lilinichoma kweli. Nikaenda kwa seremala nikaagiza atengenezewe fimbo mpya, mpingo halisi, nzuri kuliko ya kwanza. Alasiri nimempelekea. Ameipokea kwa mikono miwili, akanibariki. Nimejifunza, kwa kweli nimejifunza.

Gita nimelitazama tena. Kabari ya mbele mama mkwe aliniamuru niichomoe Jumamosi ile ile, na sasa zote mbili ziko kwenye leso. Lakini kosa lilikuwa dogo tu! Ningeweka kabari ya mbele peke yake, daraja lingesimama imara na mkono ungebonyezeka, na kilio kingepatikana. Kabari moja! Nyembamba!

Mama mkwe amelala. Fimbo mpya iko mvunguni. Ukiniuliza mimi, seremala ameifanya ndefu kidogo. Na haina kitone hata kimoja cha kuhesabu.