Godoro Nililolikagua kwa Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa! Mimi, mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro, nimetimuliwa kama mbwa aliyeingia jikoni. Eti nimekutwa nimelala kazini. Aliyenichongea ni Kidevu, msaidizi wangu, mtu niliyemfundisha hata kushika funguo. Lakini bahati ilinisubiri getini. Washonaji wamegoma leo hii, mafeni yameharibika na vumbi la sponji linawaziba pumzi. Kiongozi wao, Mama Sindano, naye kafukuzwa. Nikaunganisha kikohozi changu na chao.

Nimemwambia mke wangu nimeponzwa na kutetea wanyonge. Akaniangalia. Akauliza mbona shavu langu lina mikunjo ya shuka.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefungua mgogoro ofisi ya usuluhishi, mimi na Mama Sindano, shauri moja. Alitaka kwenda peke yake. Nikambembeleza, nikamkumbusha tumekunywa maji ya bomba moja miaka yote. Akakubali kwa huruma. Huruma ile imenichoma. Nimeimeza.

Jumatano, 12 Machi

Usuluhishi. Chumba kidogo, meza ya duara, viti vinavyolia. Nilivaa koti zito nionekane mgonjwa. Nikatoka jasho kama mtu anayedanganya. Msuluhishi, mama mpole mwenye sauti ya muuguzi, akaeleza kwamba yeye haamui kesi, anatupatanisha tu. Mama Sindano hakusema mengi. Watengeneze mafeni, waturudishe kazini. Mwenzake wa cherehani ya jirani siku hizi anakohoa damu. Bosi akainamisha kichwa. Akakubali yote. Hata mimi nirudi, kwa onyo!

Ningesaini. Kalamu ilikuwa mkononi. Ila nikamwona Bosi anachungulia saa yake, nikahisi nimetupiwa makombo. Nikadai aniombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, na Kidevu apelekwe kufagia. Msuluhishi akanitoa hadi kwenye korido.

"Baba, kazi yako hiyo hapo mezani. Ichukue uende nyumbani."

Nikamjibu mimi na Bosi tutakutana kwa mwamuzi. Mama Sindano akasaini yake, akaondoka bila kuniaga.

Nyumbani nimesimulia ushujaa wangu. Mke wangu aliendelea kufua, kwa nguvu.

Ijumaa, 21 Machi

Kwa mwamuzi. Huyu hapatanishi mtu. Anasikiliza ushahidi, anakata shauri. Shahidi wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa lori la kiwanda. Wiki nzima nimemkaririsha: nilikuwa nakagua ubora wa godoro kwa mgongo. Akayasema vizuri ajabu! Nikajipongeza kimoyomoyo. Mwanasheria wa Bosi akauliza, taratibu, kama ukaguzi huo ulihitaji mto.

Shemeji ni mkweli mpaka anakera. "Ndiyo," akasema, "na shuka. Viatu alivua, asichafue."

Karani alicheka. Mwamuzi hakucheka. Akaandika.

Jumatatu, 7 Aprili

Uamuzi umetoka. Nilifukuzwa kihalali, na kazi niliyorudishiwa niliikataa kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi.

Nikapita kiwandani, eti njia yangu ilikuwa hiyo. Dirishani mafeni yanazunguka. Kidevu kakalia kiti changu, kakunja nne. Mama Sindano akaniona, akasimamisha cherehani. Nilijua atanicheka. Akanipungia mkono polepole, kama mtu anayemuaga mgonjwa wodini. Bora angenicheka! Nimelia nyuma ya ukuta. Kidogo tu. Vumbi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mke wangu kanitafutia kazi, ulinzi wa geti kwenye kiwanda cha mikate. Amempigia magoti msimamizi. Alfajiri, akinifunga vifungo vya sare, akanisihi nifunge na mdomo, walau mpaka nizoeleke. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaapa.

Asubuhi nilikuwa malaika. Nilimpigia saluti hata paka. Kisha msimamizi akaleta chai, na kikombe cha kwanza akampa mfagizi. Mfagizi! Mimi mwenye sare nimesimama pale kama mlingoti! Nikamvuta mfagizi pembeni, nikamweleza kwamba tumedhalilishwa sote wawili. Akasema chai yake ina sukari ya kutosha, hana neno.

Ndivyo wanavyowapumbaza watu. Kesho sifungui geti. Tuone mikate itatokaje.