Ulimi wa Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti

Dada Leimara, niwie radhi. Daftari ulilonipa niwe nakuandikia huku mjini Vila limekaa miezi bila neno, ila pembeni mwanangu Eslin amelitafuna. Leo naanza, maana leo nina mpango.

Mama Tevi, mhariri wa kijigazeti chetu cha wiki, anataka mtu wa kuandika ukurasa wa mahali pa kwenda jioni. Malipo: kila wiki, chakula cha watu wawili hotelini. Cha moto! Tangu nijifungue sijala kitu cha moto, wala kwa mikono miwili. Anayeutaka ukurasa alete habari tatu Ijumaa: baa ya kava, mgahawa, mchezo wa kuigiza.

Nani mwingine anautaka? Wifi Leitau, bila shaka. Hana mtoto, muda anao. Ameshanipa pole mapema.

Jumanne, 5 Agosti

Baa ya kava ya mjomba wa mume wangu, Kalsau. Nanyonyesha, kwa hiyo sinywi kile kileo cha mizizi. Nimemchukua Kalsau awe ulimi wangu. Mpango safi kabisa. Kapiga vifuu viwili. Nikamuuliza ladha ikoje. Kainua kidole: kimya. Nikauliza tena. "Kali." Hiyo ndiyo taarifa yote.

Kisha Eslin akalia, meno yanamtoka. Na unajua mle ndani hata kunong'ona ni makosa. Giza zima likanigeukia. Mjomba akaja na sauti ya maziko: "Mwanangu, kwaya hufanya mazoezi kanisani."

Nimeandika: "Mahali patulivu sana." Palikuwa, kabla yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Eslin ana homa. Kanigandia shingoni, nami sitaki aachie. Mgahawa mpya wa ufukweni kaenda Kalsau peke yake. Mama Tevi ameshazungumza nao wamwonjeshe. Nikamwonya: usipitie kwa mjomba.

Kapitia kwa mjomba.

Kurudi, namuuliza kala nini. Nyama. Ikoje? Laini. Mchuzi? Ulikuwepo. Basi nikapamba mwenyewe: "Nyama ya ng'ombe laini kuliko maneno ya mchumba."

Baadaye kaja wifi, anacheka kashika mlango. Alikuwa meza ya jirani. Kumbe kaka yake alikula pweza, akala na ganda la limau, akaanza na karatasi ya kufutia mikono mpaka mhudumu akamwomba airudishe. Kava ilikuwa imemtia ganzi ulimi mzima!

Sentensi ya mchumba nimeiacha. Ni nzuri mno kuifuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Homa imeshuka. Mchezo wa chifu mchoyo, ukumbi wa shule. Nimekwenda mwenyewe, Eslin mapajani. Hapa ulimi hauhitajiki, macho tu. Nikakaa. Taa zikazimwa. Kiti kilikuwa na mgongo, dada! Nimelala kabla chifu hajaingia.

Nimeamshwa na makofi. Mapajani hamna mtoto! Eslin yuko jukwaani, mikononi mwa chifu, anamng'oa ndevu za bandia. Alitambaa mwenyewe, wanasema. Nimemkumbatia mpaka akalalamika.

Nimeandika: "Watazamaji walikaa bila kujongea." Mmoja, kwa hakika, hakujongea.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Tevi kasoma zote. Kaniuliza, taratibu, huyu ng'ombe wa ufukweni ana miguu mingapi. Nikasema inategemea mpishi. Hakucheka.

Ukurasa kapewa wifi. Katika habari yake ya mchezo kaandika: "Aliyepanda jukwaani akitambaa ndiye pekee aliyeijua kazi yake." Nilijizuia nisitabasamu mbele yake.

Na mtu wa pili wa kula naye kila wiki? Kamchagua kaka yake. Kalsau! Eti damu ni damu. Mume wangu kaondoka jioni na shati la kanisani, akaniahidi mabaki.

Jumamosi, 9 Agosti

Mabaki yamefika. Baridi. Nimeyala kwa mkono mmoja.

Nimetafakari kosa liko wapi. Mpango haukuwa na kasoro. Ulimi ndio ulikuwa mbovu. Na redioni wanatafuta mtu wa kusifu migahawa; nimeshawaambia ninayo mitatu niliyoijaribu vizuri.

Kwa hiyo meli ya kutoka huko kwenu Santo ikija, nitumie:

gauni lako la maua, lile la vifungo mbele;

viatu vyako vya visigino;

dawa ya fizi za mtoto, chupa kubwa;

na shemeji, huyo mumeo, kwa wiki moja tu. Nasikia ameacha kava.