Moyo Wangu Ndani ya Jalada

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kaniambia niandike. Haya, naandika.

Nilikwenda na ushahidi wa kutosha: orodha ya mapigo ya wiki mbili, asubuhi, mchana, na baada ya kila kupanda ngazi. Daktari mwenyewe ni binti wa miwani, umri wa mwanangu. Orodha hakuigusa. Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi, akaitupia jicho mara moja, akasema moyo wangu mzima. Nikamweleza kwamba baba yangu alikufa na miaka hamsini na mbili, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Mimi hamsini na mbili naitimiza mwezi huu. Tangu Januari navaa makubazi. Afadhali angecheka. Hakucheka, alivua miwani.

"Moyo wako hauumwi," akasema. "Kinachokuumiza ni kuusikiliza kutwa nzima."

Dawa hakunipa. Hata vidonge viwili vya kunidanganyia! Kanipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule: nipime mapigo mara moja tu kwa siku, na kila hofu ikinijia niandike nilikuwa nafanya nini, niliogopa nini, na kilichotokea ni kipi.

Nilikuwa natoka hospitali. Niliogopa kufa. Sikufa, mpaka sasa.

Mapigo nimepima mara moja. Na nyingine nne, lakini hizo nilipima shingoni, na yeye alitaja mkono.

Jumanne, 5 Machi

Masjala yetu iko ghorofa ya tatu. Ngazi sitini na sita. Lifti ilikufa mwaka juzi na hakuna aliyejitokeza kuizika. Nilipofika ngazi ya arobaini moyo ukaanza kutwanga. Niliogopa kufa. Kilichotokea: nilipitwa na Betri, tena akipiga mluzi.

Betri ni mwenzangu wa meza ya pili. Mwaka jana alianguka ukumbini na furushi la majalada, akapasuliwa, akawekewa kidude chini ya mtulinga cha kumsukumia mapigo. Ndipo jina likapatikana. Tangu hapo amepewa kiti cha kuegemea, dirisha, na msamaha wa kubeba mizigo. Akipita, watu wanapunguza sauti. Mimi moyo unanisumbua mwaka wa tisa, kwa jitihada zangu mwenyewe, bila msaada wa kidude chochote, na kiti changu bado kile cha mguu mfupi.

Lakini zamu yangu imefika. Mzee wa Masjala, mkuu wetu, anastaafu Ijumaa. Kamati inakaa keshokutwa kumchagua wa kushika nafasi yake. Ni mimi, nani tena? Miaka ishirini na sita nimekuwa pale. Tatizo ni ngazi. Ukuu utanikuta nimelala kwenye ile ya arobaini.

Mpango: niwe mkuu, ila nikae chini. Kuna chumba kitupu karibu na mapokezi. Majalada yataletwa, nitatia sahihi, yatarudishwa. Kinachohitajika ni barua ya daktari tu. Nikampigia simu yule binti. Akakataa. Akasema ngazi ni nzuri kwangu, nizipande kwa raha zangu. Kwa raha zangu!

Nikamweleza mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, husema na watu akiwa ameuma pini midomoni, na kwangu hajawahi kuzitoa. Alisema kama ngazi zingekuwa zinaua, kazini kwetu kungeshageuka makaburi. Akanikumbusha kwamba ameshanipeleka hospitali mara nne mwaka huu, na mara ya tano nitakwenda peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimelala nikiwaza, nimeamka na ufumbuzi. Daktari hataki kuandika, nitaandika ombi mwenyewe. Maneno ya kitaalamu nitayaazima kwenye barua ya Betri, ambayo imo kwenye jalada lake. Kufungua jalada la mwenzako ni kosa kubwa. Lakini majalada nani anayatunza?

Nilingoja Betri atoke kunywa chai. Nikashusha jalada lake, nikashusha na langu ili ombi nilipachike humo humo likikamilika. Nikayatandaza yote mawili mezani.

Barua inatoka hospitali ileile ya kwangu. Kurasa mbili. Wa kwanza ni maji matupu: jina la Betri, salamu, ametibiwa, anaendelea vizuri. Utamu wote uko wa pili. Huko jina hakuna, ni "mtajwa" tu kutoka juu mpaka kwenye muhuri. Mtajwa asipande ngazi. Mtajwa asibebe mzigo. Mtajwa asipewe madaraka yenye mikikimikiki. Moyo wa mtajwa unaweza kusimama wakati wowote bila taarifa. Bila taarifa! Nilihisi wivu, nasema kweli. Hakuna aliyewahi kuniandikia maneno mazuri kama hayo.

Nilikuwa nanakili mstari wa tatu nikasikia viatu vya Mzee wa Masjala ukumbini. Mapigo mia na thelathini, hayapungui hata moja. Nikakusanya karatasi, nikazisukumiza kwenye majalada, nikafunga kamba, nikarudisha rafuni. Yote kabla kitasa hakijazunguka. Mkono wenye uzoefu huo!

Mzee aliniuliza mbona natoka jasho. Nikamwambia ni moyo. Akasema pole bila kunitazama.

Niliogopa kufumaniwa. Sikufumaniwa. Ombi halijakamilika, nitaliandika baada ya kuwa mkuu.

Alhamisi, 7 Machi

Nilivaa viatu, kwa heshima ya kamati. Kamba alinifunga mke wangu, akisonya.

Walinikaribisha kwa upole. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mama Utumishi, mwenye dhamana ya mambo ya wafanyakazi, alikuwa amelifungua jalada langu mbele yake, na sauti yake ilikuwa ile ya kwenye misiba. Aliniuliza kwa nini sikuwaambia. Nikauliza kuwaambia nini. Akatikisa kichwa, akasema barua ya daktari wameiona. Kisha akaisoma: mtajwa asipande ngazi, asibebe mzigo, asipewe madaraka, moyo unaweza kusimama bila taarifa.

Niliyatambua maneno. Ni yale yale ya Betri! Kumbe ugonjwa wetu ni mmoja. Kumbe yule binti wa miwani kaniambia usoni ni mzima, halafu kageuka nyuma yangu kawaandikia mabosi. Hivi ndivyo wanavyofanya: mgonjwa anafichwa, ofisi inaambiwa.

Kamati ikasema haiwezi kumbebesha mtu wa hali yangu mzigo wa ukuu. Ukuu unakwenda kwa Betri. Jalada lake linaonyesha alitibiwa na anaendelea vizuri. Mimi nimepewa chumba cha chini, kazi yangu kutunza daftari la wageni.

Chumba nilikitaka, ni kweli. Nilikitaka pamoja na ukuu. Ningebisha, ila sikuweza, nilikuwa nimejawa na furaha. Furaha, ndiyo! Miaka tisa nikilia, hatimaye mtu ameandika na kugonga muhuri. Furaha yenyewe ilinifikisha mlangoni. Pale ikaniishia, Mama Utumishi akanishika mkono kunishusha ngazi.

Niliogopa kufa. Safari hii kwa maandishi.

Ijumaa, 8 Machi

Mzee wa Masjala ameagwa leo, juu. Sikuruhusiwa kupanda. Mtu wa mapokezi aliniletea soda na kipande cha keki kwenye kisosi, akaniwekea mezani taratibu kama anaogopa kuniamsha. Nikasikia viti vikiburutwa, hotuba, vicheko, halafu makofi. Makofi yalikuwa ya Betri. Miaka ishirini na sita nimeyasubiri makofi yale, nimeyasikiliza nikiwa nimekaa chini yake, naandika saa aliyoingia mtu wa kusoma mita ya maji. Niliona uchungu. Keki niliila yote, na makombo.

Nyumbani mambo mabaya zaidi. Mama Utumishi hushona nguo zake kwa mke wangu, alipita mchana kujaribisha gauni, akamhadithia kila kitu. Nilipoingia, mke wangu alitoa pini midomoni. Zote. Akazitia kwenye kopo moja baada ya nyingine, akasimama, akaniita mume wangu.

Mara ya mwisho kuniita hivyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, na siku hiyo alikuwa amevunja redio yangu.

Chakula hakikuwa na chumvi. Amempigia simu binti yetu, anakuja Jumapili. Kwa ajili ya moyo wangu hakuna aliyewahi kuja, hata wa nyumba ya pili. Nimeogopa kuliko siku zote. Mwanamke huyu haamini utabiri wa hali ya hewa wala mizani ya bucha. Kama yeye ameamini, basi kwisha habari yangu.

Jumapili, 10 Machi

Binti yetu amefika. Alinishika mkono saa nzima, akaniomba, nikipenda, nimwambie karatasi za nyumba ziko wapi, si kwa haraka, ila tu ajue. Nikamwonyesha. Ziko kwenye jalada, zimepangwa vizuri sana. Alilia alipoona zilivyopangwa.

Cherehani imenyamaza tangu juzi. Nimepima mapigo mpaka nimepoteza hesabu: sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili. Yametulia mno. Huenda ndiyo yanajiandaa.

Mchana sikuvumilia, nikamfuata mke wangu jikoni nikamwomba anicheke. Nikamwambia aseme yale ya makaburi, aseme nitakwenda hospitali peke yangu, aseme lolote. Alifunika uso na kanga, mabega yakawa yanatikisika. Nikasimama pale na mikono yangu, sijui niiweke wapi. Miaka tisa nimeomba huruma ya huyu mwanamke. Sasa ninayo yote, na sipati usingizi.

Jumatatu, 11 Machi

Betri ameshuka. Alikuja na jalada langu kwapani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni.

Alieleza polepole. Mkuu mpya hukagua majalada yote, ndiyo kawaida. Katika langu ameukuta ukurasa wa pili wa barua yake. Akanionyesha: pembeni kuna namba ya wino, na namba ni ya jalada lake. Tarehe ni ya mwaka jana, mwezi aliopasuliwa. Hakuniuliza umefikaje, alinitazama tu, nami nikatazama daftari la wageni. Alisema masharti yale yalikuwa ya miezi mitatu na yamekwisha zamani. Ijumaa asubuhi alirudi kwa daktari wake, akapewa barua mpya kwamba anafaa kwa kazi zote. Ukuu haachii. Ila kesho saa mbili anataka twende wote kwa Mama Utumishi, ukurasa urudi ulikotoka, mimi nirudi juu niwe naibu wake. Atasema karatasi zilichanganyika wakati wa kuhamisha rafu, yaishe.

Nikamuuliza mbona hana hasira.

"Mwaka mzima watu wananisalimia kama wananiaga," akasema. "Wiki iliyopita, kwa kukosa karatasi moja, wakanipa kazi. Nikukasirikie nini?" Akasimama, akaweka mkono begani kwangu. "Wewe ni mzima, bwana. Nenda kamwambie shemeji leo, asilie bure."

Nilimwangalia usoni. Uso ulikuwa mwema. Mwema kupita kiasi.

Nyumbani nilifungua mdomo mara tatu nimwambie mke wangu. Mara ya tatu akaniletea mto wa mgongoni.

Jumanne, 12 Machi

Sikwenda. Saa mbili Betri alinisubiri kwenye ngazi, akashuka kunifuata, nikamwambia namshukuru kwa moyo wake na asijisumbue tena. Aliduwaa. Mtu mzuri, lakini kudanganya hajui.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, kama daktari alivyonifundisha. Namba ya pembeni si kitu, kalamu kila mtu anayo, na mkuu wa masjala anazo tatu. Tarehe nayo si kitu, madaktari hukosea tarehe kila siku. Betri anajua nini maana ya kuambiwa moyo wako utasimama. Ameona nateseka, ameamua kunifariji kwa uongo. Mtu hamfanyii hivyo mwenzake ila amejua hakuna tena la kufanya.

Tena hebu tuseme ni kweli. Tuseme ukurasa ni wake. Basi ingebidi mimi, kwa mikono yangu, siku ile ya Jumatano, niwe nimerudisha karatasi kwenye jalada lisilo lake. Miaka ishirini na sita sijakosea jalada hata siku moja.

Kwa hiyo ninakufa. Nimemwambia mke wangu, ameanza kunishonea suti.