Jani Lililopata Kumi na Moja

Ilango alipomwona mjane Kamalambal akipaka mafuta kitabu cha majani ya mvumo, mate yalimjaa mdomoni. Kitabu cha tiba cha mababu! Hapo hapo mjini Madurai alikuwepo muuza vitu vya kale ambaye angekinunua bila maswali.

Kazi ya Ilango, kama ile utaiita kazi, ilikuwa kuwapimia waganga dawa zao kwa kompyuta. Chuo kilimfukuza mwaka wa kwanza, lakini mdomo, jamani, ulihitimu. Anaandika jina la mmea, vidoa vyekundu vinacheza kwenye kioo, kisha kinatoka cheti: jani lako linakamata virusi, alama zake hizi. Na waganga wazima, ndevu hadi kifuani, walivitundika vyeti hivyo karibu na miungu yao. Wajinga wale!

"Mama, jani lako la nilavembu limepata alama kumi na moja juu ya sifuri! Mji mzima hakuna!"

"Masikini, marehemu angefurahi. Kwani ni nyingi, mwanangu?"

"Nyingi? Virusi vikilisikia jina tu vinatoka mbio! Sasa nipe kitabu, kompyuta kubwa ya chuo ikisome chote. Kesho nakirudisha."

Mjane alisita, kisha akaingia ndani akatoka nacho kimefungwa kitambaa chekundu. "Hakiondoki kwenye taa ya mababu pakabaki patupu. Weka chako cha thamani mahali pake."

Cha thamani Ilango alikuwa nacho kimoja tu, kompyuta yake. Akaiweka chini ya taa, akasujudu kabisa, mnafiki yule, akaondoka na kitabu kwapani.

Muuza vitu vya kale alivaa miwani, akasoma mstari mmoja, akacheka hadi akashika meza. Ilango maandishi ya kale hayajui hata herufi.

"Hii ni dawa ya ng'ombe aliyevimba tumbo! Vitabu kama hiki vimejaa kila kijiji. Kawauzie ng'ombe, bwana!"

Ilango akarudi mbio kuifuata kompyuta yake. Barazani walikuwa wameketi waganga tisa, kila mmoja na cheti chake mkononi, na Kamalambal katikati, kompyuta mapajani.

"Karibu, mwanangu. Mjukuu wangu Yazhini anaifanya kazi hii chuoni, ile ya kweli. Jani likikamata kirusi barabara, alama zinashuka chini ya sifuri. Zikipanda juu, halijashika hata vumbi. Mbona wewe umempa kila mtu za juu?"

"Wateja wanapenda za juu," Ilango alinong'ona.

"Basi kompyuta hii anabaki nayo Yazhini. Yake imechoka."

"Mama, hiyo ndiyo inayonilisha! Nitaishije?"

"Kitabu nimekuachia. Ng'ombe wanaumwa kila siku."

Akamsogezea bilauri ya nilavembu iliyochemshwa, nyeusi, inafuka moshi. Waganga wakasimama mlangoni kumzibia njia. Ilango akanywa yote, machozi yakimtoka, uchungu ukimpanda hadi masikioni.

Mganga mkubwa wao akamuuliza kwa upole kama aongezewe hadi bilauri zitimie kumi na moja.